Kilio cha Kengele

Mjukuu wa Bibi alikuwa na miezi minne, na kilio chake kilisikika mpaka nyumba ya tatu. Ndiyo maana wakamwita Kengele. Mama yake alikuwa fundi cherehani. Akishona, mtoto alikaa na Bibi. Bibi alifuga nyuki, na dawa yake ya kilio ilikuwa moja: alichovya kidole kwenye asali, akamlambisha. Kengele akanyamaza.

"Huyu wangu kabisa," Bibi alicheka. "Anajua kitu kitamu!"

Baada ya siku chache, mtoto alikosa choo siku tatu mfululizo. Kisha kunyonya kukamshinda. Kope zikalegea, shingo ikalegea, na sauti ikafifia.

"Mama, mtoto halii!" fundi alipiga kelele.

Wakaacha gauni la watu chini ya sindano ya cherehani, wakakimbilia hospitali.

"Amekula nini zaidi ya maziwa?" muuguzi aliuliza.

Bibi alitazama sakafu. Binti yake hakujua lolote. Aliona aibu, lakini akasema.

"Asali. Nilimlambisha mimi. Asali yangu mwenyewe, safi kabisa."

"Asante kwa kusema, mama. Umetusaidia sana."

Kengele aliwekewa mashine ya kupumulia, akapewa dawa ya kuzuia sumu. Muuguzi akakaa nao kwenye benchi.

"Hata asali safi inaweza kuwa na mbegu za vijidudu. Huzioni. Tumbo la mtu mzima huzishinda. Kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, zinaweza kuota tumboni na kutoa sumu."

"Sumu hiyo inafanya nini?" fundi aliuliza.

Muuguzi aliona utepe wa kupimia shingoni mwake. "Zipu unazijua?"

"Hee! Natia kila siku."

"Basi sikiliza. Kwenye ncha ya mshipa wa fahamu kuna vifuko vidogo mno vya kemikali. Kemikali hiyo ndiyo inauambia msuli usogee. Kifuko kina protini, na ukuta wa ncha una protini. Zinashikana kama meno ya zipu iliyofungwa nusu, zikingoja. Amri ikifika, zipu inafungwa yote, kifuko kinavutwa ukutani, kinafunguka, kemikali inamwagika. Hata kupepesa jicho hujamaliza!"

"Na sumu?"

"Sumu ni mkasi. Inakata hayo meno. Vifuko vimejaa, lakini havifunguki. Msuli haupati habari. Ndiyo maana hawezi kulia, kunyonya, wala kupumua vizuri."

Bibi alilia. "Ole wangu! Nimemkata mjukuu wangu kwa kidole changu."

Fundi alimkumbatia. "Ulimpa kwa mapenzi, mama. Mimi pia sikujua."

"Mwili utatengeneza protini mpya na ncha mpya," muuguzi alisema. "Ni kazi ya wiki nyingi. Msikate tamaa."

Wiki zikapita. Bibi alikaa kando ya kitanda, ameshika kile kiguu kidogo. Kwanza kope zikapanda. Mashine ikaondolewa. Kisha Kengele akanyonya, na hatimaye wakarudi naye nyumbani.

Bibi alibandika karatasi kwenye kila chupa ya asali: "Asipewe mtoto chini ya mwaka mmoja." Mteja akija, alimsomea kwa sauti, atake asitake.

Asubuhi moja cherehani ilikuwa inanguruma. Kengele akaanza kulia, kilio kile kile cha zamani. Jirani wa nyumba ya tatu akafungua dirisha.

"Jamani, mnyamazisheni huyo mtoto!"

Bibi alimbeba Kengele, akatoka naye mlangoni, machozi yakimtiririka.

"Simnyamazishi ng'o!" akajibu. "Sikia mwenyewe! Mjukuu wangu analia!"