Wasifu wa Bartholomeo Mageni

Agnetha alishuka kwenye basi ikiwa imebaki nusu saa jua lizame. Miguu ilikuwa imevimba, mgongo unauma, na kichwani alikuwa na jambo moja tu: ampate yule mzee, aweke saini, alale, kesho aanze safari ya kurudi nyumbani kwake Kambarage, mjini Shinyanga.

Ulikuwa mwezi wa Agosti, mwaka 1999. Agnetha alifundisha shule za msingi miaka ishirini na sita, mpaka mgongo ukamshinda kusimama darasani. Sasa alifanya kazi ya watu fulani wa Dar es Salaam waliokuwa wakiandaa kamusi elezo ya waandishi wa Kiswahili. Walikusudia kuiweka kwenye intaneti, ili mtu yeyote duniani mwenye kompyuta aisome. Yeye mwenyewe hiyo intaneti hakuwahi kuiona. Kazi yake ilikuwa kuhakiki. Aliletewa wasifu, akapanda mabasi, akauliza watu, akasahihisha majina na miaka, kisha akajaza safu ya mwisho ya fomu, iliyoandikwa "Chanzo". Waandishi kumi na tisa alikwisha kuwamaliza. Bartholomeo Mageni alikuwa wa ishirini, na wa mwisho.

Mageni aliishi kwenye kitongoji cha wachimbaji wa dhahabu, mwendo wa saa nzima kutoka Geita mjini. Alikuwa na riwaya nne, zote nzuri. Agnetha alizisoma zote, na moja ilimliza. Wasifu wake ndio haukukaa sawa. Uliandikwa kwamba alimaliza darasa la nane, ilhali daftari la shule lilionyesha aliacha akiwa darasa la pili. Uliandikwa kwamba alikuwa karani kwenye kinu cha pamba, ilhali wazee wa pale walimkumbuka kama mbeba marobota. Agnetha hakuliona hilo kuwa jambo kubwa. Watu hujiendeleza. Angemuuliza kwa adabu, angesahihisha, basi.

Alisimama kuuliza njia kwenye duka la Mama Kaushik. Jina lake hasa lilikuwa Dhanbai, bibi wa Kihindi mzaliwa wa Shinyanga, aliyeuza vitenge, madaftari na vifaa vya shule pale tangu wachimbaji wa kwanza walipofika. Agnetha akamwamkia, akamweleza shida yake. Bibi akaitikia, kisha akaanza kukunja vitenge vyake vya maonyesho kimoja kimoja. Mwishowe akasema kwamba anamjua Mageni vizuri. Kila mwezi huja kuchukua madaftari kumi na mawili na kalamu za kutosha.

Halafu akashusha sauti.

"Mwezi uliopita wachapishaji wake walimletea barua. Alikuja nayo hapa nimsomee."

"Labda alisahau miwani, Mama Kaushik."

"Aliishika kichwa chini, mwanangu."

Bibi akamwonyesha njia, akamwambia kuna chumba nyuma ya duka, atamtandikia. Asikae huko mpaka giza liingie.

Njia ilipita katikati ya karasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Zilinguruma kila upande, ardhi ikitetemeka chini ya viatu vyake, vumbi jeupe likimkaa kwenye nyusi. Alifika kwenye ua wa Mageni. Akafungua lango, akaingia.

Kimya.

Agnetha aligeuka. Karasha zilikuwa bado zinafanya kazi. Aliuona moshi wake ukipanda, aliwaona vijana wakimimina mawe. Ila pale uani mngurumo haukufika. Alitamani kurudi. Lakini alikuwa amechoka mno kuja tena kesho, na uchovu huo ndio uliompeleka mbele.

Mageni alimpokea mlangoni. Alikuwa mzee wa miaka sitini, mwenye kifua kipana, macho yameingia ndani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Nilikuwa nakusubiri."

Agnetha hakuwa amemtumia habari yoyote.

Wakakaa sebuleni. Juu ya meza kulikuwa na riwaya zake nne, kila moja bado imo ndani ya nailoni yake. Mzee akaomba asomewe huo wasifu. Agnetha akasoma, na mzee akafumba macho, akisikiliza kama anayesimuliwa habari za mtu mwingine. Alipofika kwenye mambo ya shule, Agnetha akasita, akaeleza kwa upole alichokikuta kwenye daftari. Mzee akamwambia aandike alichokikuta. Na ukarani? Aandike vilevile alivyoambiwa. Agnetha akashangaa. Waandishi wengine waligombana naye kwa ajili ya mwaka mmoja tu. Huyu alikuwa anavuliwa maisha yake kipande kwa kipande, wala hakujali.

Sauti za wanaume zikaita langoni. Maji yalikuwa yameingia kwenye duara lake, shimo lake la dhahabu, na walimhitaji. Mzee akainuka kwa shida.

"Kaa hapo hapo, mwalimu," akasema, akatoka.

Ndipo harufu ikaja.

Udongo mbichi... kama wa kaburi lililochimbwa asubuhi hiyo. Na ndani yake harufu nyingine, ya pumba za mahindi zilizolowekwa zikachacha.

Kisha sauti.

Kwaruu... kwaruu... kwaruu...

Agnetha aliijua sauti ile. Aliisikia miaka ishirini na sita, watoto arobaini na tano wakiinamisha vichwa. Ilikuwa kalamu juu ya karatasi. Ilitoka mwisho wa korido, kwenye mlango uliokuwa wazi kidogo.

Baadaye alijiambia mara nyingi kwamba angebaki kitini. Lakini mtu aliyezoea kuhakiki haachi mlango ulio wazi. Akainuka, fomu na wasifu mkononi, akaenda kwa vidole vya miguu.

Kilikuwa chumba kisicho na dirisha. Koroboi ilikuwa inawaka. Sakafuni palikuwa na bakuli la pumba, limeliwa nusu. Mezani alikaa mwanamume, amempa mgongo, kichwa kimenyolewa, mwili wote wa kijivu kana kwamba ametolewa shimoni muda huo huo. Alikuwa anaandika. Hakupumzika, hakufikiri, hakukuna kichwa. Alipofika mwisho wa ukurasa alichora mstari mdogo wa wimbi chini ya neno la mwisho, akafunua, akaendelea.

Mstari wa wimbi.

Agnetha akashika mwimo wa mlango.

Alimjua mtu mmoja tu duniani aliyefanya vile. Januari Ngassa. Walifundisha pamoja Kishapu. Wakati wa mapumziko Ngassa aliwasomea walimu wenzake hadithi kutoka kwenye madaftari yake, na kila ukurasa uliishia na mstari ule. Mwaka 1988, wakati wa likizo, alikuja huku kwenye dhahabu, akisema anatafuta habari za riwaya. Akaugua siku tatu, akafa. Mwenyeji wake alikodi lori, akatuma maiti irudishwe mpaka Kishapu. Watu walimsifu sana mwenyeji yule, ingawa jina lake hakuna aliyelishika. Agnetha alikuwepo. Alilia. Alitupa udongo wake.

"Ngassa," akanong'ona.

Kalamu ikasimama.

Mwanamume akageuka, polepole, shingo kwanza, kisha mabega. Ulikuwa uso ule ule wa miaka kumi na moja iliyopita. Haukuzeeka hata siku moja. Mdomo ukafunguka.

Ndani hamkuwa na ulimi.

Macho yake yalimpita Agnetha kama yanavyopita ukuta. Yakarudi. Yakatulia. Kitu kikasogea ndani yake, mbali sana, kama mtu anayeamshwa kwenye usingizi mzito asiotaka kuuacha... Mkono ukanyooshwa, ukachukua ule wasifu. Vidole vilimgusa Agnetha, vya baridi, vya majimaji kama udongo wa mfinyanzi. Mwanamume akaandika neno moja pembeni mwa karatasi, akamrudishia.

*Nimechoka.*

Halafu, kana kwamba ameitwa na mtu ambaye Agnetha hakumsikia, akaligeukia daftari lake.

Kwaruu... kwaruu...

"Umemwona."

Mageni alikuwa amesimama nyuma yake. Hakuwa amekasirika. Agnetha angependa awe amekasirika.

"Huyu nilimzika," Agnetha akanong'ona.

"Mlizika mlichopewa."

Mzee akaegemea ukuta. Akaeleza kwa sauti ya chini, kama anayeeleza maradhi yake kwa daktari. Watu wakienda kwa waganga huomba dhahabu, na dhahabu yeye alikuwa nayo. Aliomba asomwe. Aliomba akifa jina lake libaki midomoni mwa watu, maana maisha yake yote alichekwa kwa kutojua kusoma. Hakuuliza jambo hilo lingekujaje. Mgeni wake akaugua, mganga akaja usiku ule, na baada ya mazishi akaletewa huyu, akakabidhiwa na madaftari.

"Kalamu yake hainyamazi, mwalimu. Mwaka wa kumi na moja. Nami tangu siku hiyo sijapata usingizi."

"Mwachie aende."

"Aliyenipa amekufa. Sijui anaachiwaje."

Agnetha hakujua kama ule ulikuwa ukweli au uongo wa mtu mwerevu. Aliona tu kwamba mzee alikitazama chumba kile kama mfungwa anavyomtazama askari wake. Mageni akamwongoza mpaka sebuleni, akachovya kidole gumba kwenye wino, akakigandamiza kwenye fomu mahali pa saini. Akampa mkono wa kwaheri, na Agnetha, kwa mazoea ya adabu, akaupokea.

"Anaandika vizuri," mzee akasema akiwa bado amemshika. "Anachokosa ni msahihishaji."

Nje ya lango mngurumo wa karasha ukamrudia masikioni kama kofi. Alitembea bila kugeuka. Alipofika kwa Mama Kaushik, bibi hakumuuliza kitu. Alimpa chai, akafunga milango yote miwili.

Kilichomuuma zaidi njia nzima ya kurudi hakikuwa hofu. Ni kwamba alimwacha pale. Rafiki yake alitumia neno moja alilobakiwa nalo, yeye akaondoka na karatasi. Kwa hiyo alipofika Shinyanga hakushuka kwenda nyumbani. Alipanda gari jingine mpaka Kishapu, kwa Nyamizi, mjane wa Ngassa.

Nyamizi alikuwa anachambua pamba mlangoni. Waliamkiana, wakaulizana habari za watoto. Agnetha alijaribu kuanza mara mbili, akashindwa. Basi Nyamizi akasimama, akamchukua nyuma ya nyumba, kaburini.

Ile ni nchi kavu. Mvua za mwisho zilikuwa za Aprili, na hata majani ya ng'ombe yalikwisha. Lakini juu ya kaburi la Ngassa palikuwa na chipukizi la mgomba, bichi, lenye majani mawili yaliyokunjuka vizuri. Mlizika mlichopewa, Mageni alikuwa amesema.

"Kila mwaka naukata," Nyamizi akasema. "Kila mwaka unaota."

Agnetha akafungua mdomo. Mwenzake akamshika mkono.

"Kama umemwona, usiniambie. Niliolewa tena. Nina watoto wadogo."

Wakarudi mbele, wakala viazi, hawakulitaja tena.

Nyumbani, Agnetha aliikalia fomu ile siku tatu. Hakuwa na shahidi. Hakuna ofisi ambayo ingempokea na habari kama ile. Mwisho akasahihisha mambo ya shule na ya kinu cha pamba, na kwenye safu ya chanzo, mbele ya kila riwaya kati ya zile nne, akaandika: *Januari Ngassa*. Baada ya wiki mbili ofisi ya Dar ikampigia kupitia simu ya jirani. Walimuuliza Ngassa ni nani na anapatikana wapi. Akasema alifariki mwaka 1988. Kijana wa upande wa pili akacheka kwa heshima, akasema basi lazima ni makosa, riwaya zote ni za baada ya hapo. Watalifuta. Wasifu ungeingia kwenye intaneti mwezi huo huo.

Agnetha akaacha kazi ile. Alidhani atapumzika.

Hakupumzika. Alilala mapema, akaamka amechoka kuliko alivyolala, mabega yakimuuma kama mtu aliyeinama kutwa. Bhoke, nesi aliyepanga chumba cha uani, alimwambia mara mbili kwamba akirudi alfajiri kutoka zamu huukuta mlango wa mbele haujafungwa. Asubuhi moja Agnetha aliona kidole chake cha kati kina doa la wino mwekundu. Kalamu nyekundu alizigawa zote siku aliyoacha ualimu. Akakisugua kwa majivu. Siku iliyofuata doa lilirudi.

Bhoke akampeleka hospitali. Damu ilikuwa nzuri, malaria hakuna. Akaambiwa apunguze mawazo.

Desemba bahasha ikaja kutoka Dar. Ndani yake mlikuwa na riwaya ya tano ya Bartholomeo Mageni, mpya kabisa, na barua ya kumwomba, kwa heshima ya kazi yake ya awali, aiongeze kwenye wasifu. Ilikuwa alasiri, jua kali, watoto wa jirani wanacheza rede barabarani. Agnetha akakaa barazani, akakifungua kitabu. Akasoma sura ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuona kosa hata moja.

Sura ya tatu iliishia kwa mwanamke anayechemsha maji. Agnetha akafunua ukurasa, kisha akarudi nyuma. Palipungua sentensi. Mwanamke yule alipaswa kuyapeleka maji kwenye beseni, na kumnawisha mumewe mikono, kidole kwa kidole, huku akihesabu kwa sauti kama anayemfundisha mtoto. Agnetha aliijua sentensi hiyo neno kwa neno. Haikuwamo kitabuni.

Akakaa na kitabu mapajani. Polepole usiku wake ukamrudia: harufu ya pumba, joto la koroboi karibu na shavu lake, kalamu nyekundu mkononi. Sentensi ilikuwa ndefu mno, akaikata. Na upande wa pili wa meza, mwanamume wa kijivu aliinua macho, akamtazama, akamwitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepata mwenzake.