Mtoto wa Namba 417

Jioni ile nilimfunga Lakica mgongoni, nikaenda kliniki kabla hawajafunga. Alikuwa na homa ya siku mbili. Alikuwa na miezi kumi tu, hajajua bado kusema neno lolote. Kadi yake ya karatasi ililowa mafuriko yalipoingia chumbani kwetu mtaani Kawempe, na daktari hakutaka kumchoma sindano kabla ya kusoma habari zake kwenye kompyuta.

Kompyuta nayo ilikuwa imeharibika.

"Karibu, Mama Lakica," alisema Sumayiya, karani wa kliniki. Aliinuka akanipa kiti chake, yeye akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Ndivyo alivyo. Ukija na mtoto mgonjwa, yeye ndiye anayesimama.

Okidi, fundi wa kompyuta kutoka Nakasero, katikati ya mji, alikuwa ameiinamia mashine tangu asubuhi.

"Huyu amemaliza birika langu la chai," Sumayiya aliniambia. "Hata mtoto mmoja hajanirudishia."

"Nyabo, mama yangu, umeme wenu ndio mbaya, si mimi," alijibu Okidi. "Wiki iliyopita ulikatika wakati daftari la watoto liko wazi, likavurugika ndani. Na nakala unazoweka kila jioni, kila mpya inaandikwa juu ya ile ya jana. Wiki nzima umekuwa ukifunika nakala nzuri kwa mbovu."

"Banange! Watoto wangu mia sita wote wamepotea?"

"Labda una nakala ya zamani mahali."

Sumayiya alifikiri. Kisha akatoa kwenye mkoba wake kopo la udi. Mama yake Mnubi alimfundisha kuweka humo kila kitu asichotaka kipotee. Chini ya vijiti vya udi kulikuwa na leso, na ndani ya leso flashi ndogo nyeusi.

"Hii niliiweka walipotuletea mashine hii. Machi, mwaka jana."

Machi, mwaka jana.

Aprili ya mwaka huo ndipo nilipomzika Adong, mtoto wangu wa kwanza. Alikuwa amemaliza miaka miwili.

Okidi alichomeka flashi. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye kioo, polepole, polepole... Nje waliadhini magharibi. Kisha majina yakaanza kushuka, moja chini ya jingine.

"Wamerudi!" Okidi alipiga makofi.

Sumayiya aliandika namba yangu, 417. Anaijua kwa kichwa. Halafu, ghafla, akafunika kioo kwa kiganja.

Alichelewa. Okidi alishaanza kusoma.

"Adong. Msichana. Kilo kumi na moja. Yuko hai." Akanigeukia, bado anatabasamu. "Wewe ndiye Mama Adong?"

Hakuna mtu aliyeniita hivyo tangu msiba.

"Mtoto huyo alishafariki," Sumayiya alimnong'oneza. Kisha akaniangalia mimi, na macho yake yakajaa maji. "Nisamehe, mwanangu. Ulipomleta Lakica kuandikishwa, mashine inauliza mama amezaa wangapi, wangapi wamekufa, lini. Nikakuona umesimama pale na titi limelowesha gauni. Sikutaka uulizwe. Nikafungua namba ya Adong, nikafuta jina, nikaandika la Lakica juu yake."

Nilikumbuka siku ile. Nilimshukuru kwa kuwa hakuniuliza kitu.

Okidi hakutabasamu tena.

"Dada Sumayiya, kwa mashine hii mtoto ni namba. Jina ni nguo tu anayovikwa. Sasa 417 amerudi na nguo yake ya kwanza. Huyo mwingine... hayumo."

Ndipo nilipoisikia ile harufu.

Mafuta ya yaa, yanayokamuliwa kwenye mbegu za mti wa kwetu kaskazini. Bibi alitoka nayo Gulu akampaka Adong mwili mzima kabla hatujamfunga sanda. Tangu siku ile hayajaingia nyumbani kwangu. Sasa yalinukia hapa, karibu kabisa, nyuma ya sikio langu.

Na mgongo ukawa mzito.

Nilidhani Lakica amelala. Lakini uzito uliongezeka. Kitambaa kilinikata kifuani. Miguu iliyokuwa ikiishia kiunoni mwangu sasa ilining'inia mpaka mapajani, baridi, ikinigusa nikipumua.

"Sumayiya," nilinong'ona. "Niangalizie mtoto."

Alisimama. Akaangalia nyuma yangu.

Hakusogea.

"Sumayiya?"

Pumzi ndogo ikanipuliza shingoni.

"Mama... maji."

Ndiyo maneno ya mwisho aliyosema Adong. Usiku ule niliinuka kumchotea. Niliporudi na kikombe, hakuhitaji tena.

Uzito ule ulinivuta nyuma. Okidi alinishika mkono nisianguke. Hakukimbia. Hilo sitalisahau.

"Ondoa hiyo nakala!" Sumayiya alimwambia.

"Nikiiondoa hatuna kitu kabisa. Mwandike Lakica juu yake, kama ulivyofanya."

Sumayiya aliandika haraka. Jina likatokea, likakaa muda wa kuhesabu hadi tatu, likafutika herufi kwa herufi.

Adong. Yuko hai.

Nyuma yangu sauti moja ilikuwa inafifia. Lakica hukoroma kidogo akiwa na homa. Nilikuwa naisikia sauti hiyo mbali, kama mtoto wa jirani nyuma ya ukuta. Ikawa mbali zaidi.

"Si hivyo," nilisema. "Fanya ilivyotakiwa siku ile. Niulize."

"Bambi, pole mwanangu..."

"Niulize, Sumayiya!"

Alikaa. Akaweka vidole kwenye herufi.

"Namba 417. Mtoto yuko hai?"

Mwaka na nusu nimesema amelala, amekwenda, ametutoka. Neno lenyewe sijawahi kulisema. Mikono midogo ilinizunguka shingo. Haikunikaba. Ilinikumbatia tu, kama alivyokuwa akifanya nikitoka sokoni.

"Amekufa," nilisema.

"Lini?"

"Aprili, tarehe tisa. Amekufa, Adong wangu. Amekufa."

Mikono ikaachia, kidole kimoja kimoja.

"Mtoto mpya," Sumayiya aliendelea, machozi yakidondoka mezani. "Jina?"

"Lakica."

Akapewa namba 498, iliyofuata kwenye orodha ile ya zamani. Mgongo wangu ukawa mwepesi, na Lakica akalia kwa nguvu, kilio chake mwenyewe, chenye hasira na njaa. Nilipomshusha alikuwa amelowa jasho. Homa ilikuwa imeshuka. Daktari alimpima upya akampa dawa, na Sumayiya akatusindikiza hadi mlangoni kwangu, ingawa kwake ni upande mwingine.

Kabla hajaondoka alinipa ile flashi ndani ya leso.

"Okidi ameshaweka nakala mpya, sahihi. Hii ni yako. Itupe chooni, usiifikirie tena."

Baadaye nilimwambia nimeitupa.

Sikuitupa. Iko ndani ya kopo la maziwa, chini ya kitanda. Mume wangu Onen hajui. Mama mwingine atanielewa: dunia nzima, ni humo tu mlimoandikwa kwamba Adong yuko hai.

Jana jioni Lakica alitembea kwa mara ya kwanza. Sikumwita. Alishika kikombe chake cha maji kwa mikono miwili, akapiga hatua nne, akainama, akakisukuma chini ya kitanda.

"Maji," alisema. Hilo ndilo neno lake la kwanza. Sikumfundisha mimi.

Nilipokitoa kile kikombe kilikuwa kitupu.

Sakafu ilikuwa kavu.