Boriti ya Karatasi

Kila siku masomo yalipokwisha, wenzake walipokimbilia uwanjani, yeye alikwenda nyuma ya jumba la sanaa la shule na kuinamia beseni. Alichana magazeti ya zamani vipande vidogo, akaviloweka, akaviponda mpaka vikawa kama uji mzito, kisha akavichanganya na gundi ya unga aliyoipika mwenyewe kwenye sufuria kuukuu. Kwa uji huo wa karatasi aliweza kufinyanga chochote: fuvu la ng'ombe, jiwe, kiatu kilichochakaa. Vidole vyake havikukosa kunata hata siku moja, ndiyo maana shule nzima ilimwita Gundi.

Jumba lenyewe lilikuwa ghala zamani. Walimu walilipaka chokaa, wakalitoboa dirisha pana, wakaanza kuweka humo maonyesho kila muhula. Kila kazi ilikuwa na mwanafunzi wake wa kuieleza. Mwanafunzi huyo alisimama juu ya kigoda kando ya kazi, akasoma kadi yake kwa sauti, akajibu maswali ya wageni. Mwaka huu Gundi, msichana wa darasa la sita, alipewa kigoda cha kazi kubwa kuliko zote.

Ilikuwa ya viti. Viti saba vilivyotundikwa kwa waya kwenye boriti ya katikati, juu kidogo ya vichwa vya watu, ili mgeni aviangalie kutoka chini. Vilitoka katika darasa ambalo paa lake lilianguka miaka mitatu kabla, watoto wakiwa ndani wanaandika insha. Watoto saba hawakutoka wazima. Kimoja cha viti hivyo kilikuwa cha kaka yake Gundi. Chini ya kikalio bado alikuwepo ndege wa mkia mrefu ambaye kaka alimchora kwa ncha ya bikari, mwalimu akiwa amegeuka.

Wazo hilo lilikuwa la mwalimu wa sanaa. Kadi iliandikwa na Mwalimu Mkuu: "Kwa kumbukumbu ya wanafunzi wetu wapendwa waliochukuliwa na upepo mkali."

Wiki ya maandalizi, mwalimu wa sanaa alisafiri kwenda kumzika mjomba wake. Gundi alipanda ngazi kufuta utando wa buibui, akaona boriti imejaa vitundu vidogo kama vya sindano. Alipoigusa, unga laini wa manjano ukammwagikia usoni. Akashuka akikohoa, akamkuta Mwalimu Mkuu mlangoni.

"Mwalimu, boriti imebunguliwa. Inatoa unga."

Mwalimu Mkuu alitazama juu, akatazama saa yake. "Hilo ghala lilikuwepo kabla wewe hujazaliwa. Litaanguka leo kwa sababu wewe umelishika?"

"Lakini viti vitatundikwa hapo hapo, mwalimu."

"Wageni hawaji kutazama wadudu. Wakubwa wanakuja, wafadhili wanakuja, halafu wanyunyiziwe unga vichwani?" Akalegeza sauti, akamwekea mkono begani. "Wewe si fundi wa karatasi? Ivishe nguo hiyo boriti. Ukifanya vizuri, jina lako nitalitaja mimi mwenyewe mbele ya wageni."

Mtoto anaposifiwa na mkubwa wa shule, masikio humziba. Gundi aliponda karatasi siku mbili. Aliipaka boriti kutoka mwanzo hadi mwisho, akachora mistari ya mbao kwa jino la kitana, hata akaifanyizia fundo moja la tawi. Ilipokauka akaipaka rangi ya kahawia na vanishi kidogo ili ing'ae.

Rafiki yake Redio, aliyeitwa hivyo kwa sababu hazimiki, alishika kiuno akacheka. "Loo! Hata wadudu wenyewe leo watapotea njia ya kwao."

"Nyamaza, wewe. Hii ni siri."

"Siri? Na mimi? Basi kakate ulimi wangu kabisa."

Mwalimu wa sanaa alirudi jioni ya kuamkia maonyesho. Alipanda ngazi, akapitisha kiganja juu ya boriti, akavitundika viti, akakaza waya zake moja baada ya nyingine. "Wameweka boriti mpya! Nilikuwa naiogopa ile ya zamani," akasema. Gundi, chini, aliendelea kumshikilia ngazi.

Nyumbani mama yake alikuwa amerudi kutoka hospitali, alikofua mashuka. Akamkalisha Gundi chini, kati ya magoti yake, amsuke kwa ajili ya kesho. Alipoingiza kitana, mkono wake ukasimama.

"Hii nini kichwani mwako?"

"Chaki, mama."

Mama alisugua ule unga kati ya vidole, akaunusa.

"Kaka yako alikuwa akirudi na unga kama huu," akasema. "Muhula mzima. Namwambia, we mtoto, unalala kinuni? Anacheka, anasema unatoka juu darasani. Nikawa nauosha. Nauosha tu, Jumamosi kwa Jumamosi, na akili yangu haikuniambia kitu."

"Lakini walisema ni upepo, mama."

"Walisema. Siku hiyo nilikuwa nimeanika mashuka nyuma ya hospitali, kamba nne. Nasikia kishindo, nageuka, natazama kule shuleni vumbi linapanda. Hakuna shuka hata moja lililotikisika." Akaendelea kusuka, akikaza kuliko kawaida. "Nilikwenda kuuliza. Nikapewa kiti, nikapewa maji ya kunywa, nikaambiwa kazi ya Mungu haina makosa. Nimeyakumbuka maji yale mpaka leo. Niambie tena, mwanangu. Ni chaki?"

"Ni chaki," Gundi akasema.

Asubuhi uwanja ulijaa wazazi na wageni. Ratiba ilianza na watoto wa chekechea, kwa kuwa Mwalimu Mkuu alitaka wapigwe picha wakiwa wamekaa chini ya viti. Waliingia wameshikana mikono, wakaketi mkekani wakiangalia juu na kunyoosha vidole.

"Naona ndege!" mmoja akapiga kelele. "Kuna ndege kwenye kiti!"

Gundi alipanda kigoda chake na kadi mkononi. Mama yake alikuwa mlangoni katikati ya wazazi, bado kavaa sare ya kazi. Mwalimu Mkuu akamtingishia kichwa aanze. Gundi akasoma, "Kwa kumbukumbu ya wanafunzi wetu wapendwa waliochukuliwa na..." Hapo akaona mtoto aliyekaa chini ya kiti cha kaka yake akijipangusa nywele. Kiganja chake kilikuwa cha manjano.

Akaishusha kadi.

"Upepo," Mwalimu Mkuu akanong'ona akiwa ameuma meno. "Endelea. Upepo mkali."

"Watoto watoke," Gundi akasema.

"Nini?"

"Watoto watoke! Boriti ni mbovu. Niliifunika mimi, kwa karatasi!"

Wageni wengine walicheka, wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Mwalimu Mkuu naye akacheka, kicheko kikavu. "Ana woga wa kusimama mbele za watu, mtamsamehe. Shuka, mtoto, shuka."

Lakini mwalimu wa sanaa hakucheka. Alimtazama Gundi usoni mara moja tu, akaingia mkekani, akaanza kuwainua watoto. "Simameni! Shikaneni mikono! Nje!" Mama yake Gundi aliwasukuma wazazi kando, akabeba wawili kwa mpigo. Redio akawa anapayuka uwanjani, "Kaeni mbali! Paa! Paa!" Kwa mara ya kwanza mdomo wake ulifaa.

Chumba kilipobaki kitupu, mwalimu wa sanaa akachukua fimbo ndefu yenye ncha ya chuma ya kutundikia picha. Akasimama mlangoni, akaichoma boriti kwa mbali. Chuma kilizama kama kwenye mkate. Karatasi ikabanduka ukanda mrefu, na nyuma yake unga ukamwagika chini, ukamwagika, haukuisha. Kisha ukasikika mlio kama wa mtu anayevunja kuni gotini. Viti vyote saba vikaanguka juu ya mkeka, na vigae vikavifuata.

Vumbi lilipotulia, katikati ya mkeka kilionekana kiatu kimoja cha mtoto, kilichochopoka wakati wa kukimbizwa.

Mwalimu Mkuu alianza, "Kwa kweli, hali ya hewa ya siku hizi..."

"Ipo wapi?" mama yake Gundi akamkata. "Tuonyeshe upepo, mwalimu. Sote tupo hapa leo. Tuonyeshe."

Wazazi hawakuondoka mpaka mafundi seremala walipoitwa kupima kila paa la shule kwa nyundo. Madarasa mawili yalikutwa yamebunguliwa vilevile, yakafungwa, na mbao zikabadilishwa kabla mtoto hajarudi ndani. Mwalimu Mkuu alihamishiwa shule nyingine. Shule hiyo nayo ina paa, na watoto wa kukaa chini yake.

Jumba la sanaa lilipofunguliwa tena, viti vilivyovunjika viliwekwa chini, vikiwa vimezunguka kipande cha ile boriti, nusu mbao tupu na nusu karatasi iliyong'aa. Kadi mpya iliandikwa na Gundi: "Paa hili na lile la darasa yalikuwa yameliwa na wadudu. Watu walijua."

Alimwonyesha mama yake, macho yakiwa chini. "Nilikudanganya, mama. Niliuona ule unga, nikasema chaki. Nilitaka kusifiwa."

Mama alikiokota kikalio chenye ndege, akakifuta vumbi kwa kitambaa chake cha kichwa.

"Mikono yako ni mizuri, mwanangu, sitakwambia uiache kazi hii," akasema. "Lakini mtu mkubwa akikuambia ufunike kitu, kwanza muulize nani atakaa chini yake. Asipokujibu, usifunike. Piga kelele. Piga kelele hata wakikucheka, hata wakikupa kiti na maji ya kunywa. Mimi niliyanywa yale maji nikanyamaza miaka mitatu. Wewe usinyamaze hata siku moja."

Akakirudisha kikalio mahali pake, ndege akiangalia juu.