Shada Kwenye Mlango wa Jirani

Volkmar, fundi wa lifti, alikwenda soko la Stuttgart kununua viazi tu. Soko lilifurika, na msukumo wa watu ukamtua mbele ya meza ya maua. Nyuma ya meza, mwanamke mwenye sweta ya rangi ya haradali alikuwa akifunga shada la mlangoni: pete ya nyasi kavu, majani mekundu ya mzabibu, matunda ya waridi mwitu, na waya unaokimbia kuliko macho.

"Mbona lako linaelekea kinyume na ya wenzako?"

"Natumia mkono wa kushoto. Na wewe mbona unakagua, hununui?"

"Nikishanunua utaniambia niende."

Mwanamke, jina lake Heidrun, akacheka, akampa ashike waya. Volkmar alijichoma mara tatu. Siku hizi husema thelathini. Viazi havikununuliwa.

Mwaka ukapita, vuli ikarudi, Volkmar akaposa. Heidrun, aliyewahi kuachwa na mume, hakujibu papo hapo.

"Nipe muda, mpenzi. Nikikubali, Jumamosi utakuta shada langu mlangoni kwako. Usipolikuta, usinipigie simu."

Jumamosi Volkmar alipanda ngazi ghorofa tatu, maana jengo la fundi wa lifti halina lifti. Mlango wake ulikuwa mtupu. Ng'ambo ya ukumbi, kwa Timo, daktari wa meno mwenye mabega ya mpiga makasia, lilining'inia shada la majani ya mzabibu, limefungwa kinyume.

Akaketi ngazini na koti lake. Simu aliitazama, hakuigusa. Neno ni neno.

Jumapili saa nne asubuhi simu ikalia yenyewe.

"Umeliona?" Heidrun aliuliza.

"Nimeliona. Hongera. Timo ana meno mazuri."

"Volkmar, umelewa asubuhi yote hii?"

"Shada liko mlangoni kwake."

"Nimelitundika kwako kwa mkono wangu. Jina nimelisoma mara mbili."

Volkmar akafungua mlango, simu sikioni. Bi Pfleiderer wa ghorofa ya chini, mwenye pua inayonusa vumbi kutoka mtaa wa pili, alikuwa ukumbini akikagua ngazi.

"Bi Pfleiderer, nani kahamisha shada langu?"

"Mimi. Lilikuwa linapukutisha majani. Wiki hii zamu ya kufagia ngazi ni ya Timo, kibao cha zamu si hicho mlangoni kwake? Kinachochafua ngazi kikae kwa mwenye zamu."

"Mama, lile ni jibu la posa."

"Jibu zuri. Ila linapukutika."

Kwenye simu Heidrun alikuwa anacheka hadi anakohoa. Volkmar alivuka ukumbi, akachukua shada kwa mkono mmoja na kibao cha zamu kwa mwingine, akavitundika vyote mlangoni kwake.

"Zamu yako ni wiki ijayo," Bi Pfleiderer alisema.

"Nimeianza leo. Heidrun, unasikia? Njoo basi."

"Nije na nini?"

"Na fagio."

Heidrun alifika kabla ya chakula cha mchana, sweta ileile ya haradali, fagio begani. Bi Pfleiderer aliliandika jina lake kwenye orodha ya zamu wiki sita kabla msajili wa ndoa hajaliandika kwenye kitabu chake. Lalamiko lake ni moja tu hadi leo: yule mwanamke hufagia kinyume.