Kanda Ambayo Haikuvuka Mto

Sisi tuliozaliwa mwishoni mwa miaka ya themanini na mwanzoni mwa tisini tuna ugonjwa mmoja: ukitukumbusha utoto wetu, kazi inasimama. Kaka yangu Melkiori, mtoto wa mama mkubwa Aurelia, aliuona ugonjwa huo akaufanya biashara. Ana chumba chake pale Kibaoni, kina deki kuukuu na kompyuta. Watu wazima na vitambi vyao wanamletea kanda zao za zamani, anawahamishia nyimbo kwenye flashi. Mimi, Agnella, cherehani yangu ipo kwenye baraza la chumba hicho, kwa hiyo nilichokiona nilikiona mwenyewe, sikusimuliwa na mtu.

Wateja wake wakikutana hapo ni ubishi mtupu. Nani alikuwa na daftari la nyimbo lililopambwa kwa kalamu za rangi. Nani alichapwa kwa kuanika betri za baba juani mpaka zikavuja. Nani alitaja majina kumi kwenye kadi ya salamu za redio, akamsahau mama yake mzazi. Na kurekodi wimbo redioni, jamani! Unakaa kidole kikiwa juu ya kitufe, pumzi umeibana, unaomba mtangazaji asiropoke katikati. Kanda ikilegea unaizungusha kwa kalamu ya biki. Watoto wetu wakisikia hayo wanatuonea huruma, wacha watuonee.

Jumamosi moja ya Machi mwaka huu, saa nane mchana, mvua ilikuwa inanyesha na baraza halikuwa na mteja. Mwalimu Osward alikuwa ameagiza nyimbo za mwaka tisini na nane, na Melkiori akasema anazo, alizirekodi yeye mwenyewe akiwa na miaka tisa. Akatoa kanda kwenye kopo la maziwa. Juu yake palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mwandiko wa kitoto: MELKI PEKE YAKE. Nikamtania kwamba uchoyo wake haukuanza leo. Hakucheka.

Nyimbo zilikuwa saba. Zilipokwisha, nilikuwa naimba na mguu uko kwenye cherehani, wala hatukuangalia deki. Deki ile ina tabia ya kujigeuzia kanda yenyewe. Ikajigeuza upande wa kwanza.

"Msikilizaji, hii ni redio Luciana, inakujia kutoka Viwanja Sitini."

Nilipiga kelele za furaha. Luciana! Dada yake Melkiori, aliyefariki na miaka kumi na miwili, aliyekuwa akituchezea utangazaji mpaka tunasahau njaa. Miaka ishirini na saba sikuwa nimeisikia sauti ile. Nilijikuta nacheka na machozi yananitoka.

Halafu akakohoa.

"Salamu hizi zimfikie mama Aurelia, aliyeko shambani ng'ambo ya mto. Shikamoo mama. Kichwa kinaniuma na shingo haigeuki. Melki anapika uji lakini unaungua. Njoo nyumbani, mama."

Melkiori alichomoa waya ukutani.

Inabidi nieleze. Mpunga ukianza kuiva, wazazi wetu walikuwa wanahamia mashambani wiki nyingi, wanalala kwenye madungu, vichanja vya kulindia mpunga, wanafukuza ndege. Wanafunzi wanabaki mjini kwa sababu ya shule, mkubwa anamlea mdogo. Mama mkubwa Aurelia hajui kusoma. Kwa hiyo barua za nyumba ile zilikuwa za kanda. Watoto wanarekodi, kanda anapewa Mzee Fridolin, aliyekuwa akivuka mto kila siku kuwapelekea watu chumvi, na huko shambani jirani yao alikuwa na redio kaseti. Kanda inasikilizwa, inajibiwa, inarudishwa.

Mwaka ule kanda ya barua ilikuwa imekatika. Luciana akachukua ya mdogo wake, akarekodi upande uliokuwa wazi.

"Nilitakiwa nimpe Mzee Fridolin," Melkiori aliniambia kwa sauti ya chini, ingawa tulikuwa wawili tu. "Sikumpa. Nyimbo zangu zilikuwa upande wa pili, Agnella. Wa shambani wangerekodi jibu juu yake. Nikasema nitamwambia mzee kwa mdomo tu. Nikamkuta ameshaondoka. Kesho yake mvua. Luciana akaniuliza kama nimeipeleka. Nikasema ndiyo."

"Aliugua siku ngapi?"

"Tatu."

Sisi sote tulikuwa tunajua kwamba Luciana aliugua jioni, akafa alfajiri. Ndivyo mtoto wa miaka tisa alivyosema msibani, na nani angembishia? Na siku hizo tatu mimi nilikuwa ng'ambo na mama mkubwa, kwa sababu nilikuwa sijaanza shule. Nakumbuka alikuwa na furaha. Mpunga ulikuwa umekubali. Alikuwa ananifundisha kutumia kombeo na kunicheka kila nikikosa ndege. Kumbe wakati tunacheka, mtoto anamsubiri. Nilimchukia Melkiori pale pale, kwa kama dakika nzima, kisha nikamwonea huruma, na hadi leo sijui nisimame wapi.

"Mwambie mama," nikasema.

"Ana miaka sitini na mbili na presha. Nimwambie nini?"

Jumatatu niliisikia kanda inalia tena chumbani kwake. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Alikuwa ameketi, kichwa amekiinamisha kwenye spika.

"Melki," sauti ya Luciana ilisema. "Kanda umempa Mzee Fridolin?"

Ikafuata nafasi. Mkwaruzo wa kanda tu. Unajua watoto wanapocheza redio, wanaacha nafasi ili mgeni ajibu.

"Nimempa," Melkiori akasema.

Ilimtoka tu. Uongo uleule, kwa sauti ya mtu mzima.

"Haya," Luciana akasema. "Namsubiri."

Niliingia, nikazima deki. Nikamuuliza kama swali lile lilikuwemo siku zote. Akanitazama kama mtu aliyeamshwa. Swali lile, alisema, Luciana alimuuliza kweli, siku ya pili jioni. Lakini alipokuwa analiuliza, hakuna kilichokuwa kinarekodi. Kanda ilikuwa imeshafichwa kwenye gunia la mpunga.

"Usimjibu tena," nikamnong'oneza.

Jumanne Mwalimu Osward alirudi na flashi yake. Hakukaa, na kwa kawaida yule bwana akifika haondoki. Akasema nyimbo ni nzuri, lakini katikati ya wimbo wa nne kuna mtoto anakohoa, na mke wake hataki kitu kile nyumbani.

"Kuna maneno?" Melkiori akauliza.

"Anauliza mama amefika wapi."

Tukaangalia kwenye kompyuta. Upande mmoja wa kanda ile ni dakika thelathini. Jumamosi usiku, Melkiori alipouhamishia kwenye kompyuta, upande wa Luciana ulikuwa dakika thelathini. Sasa ulikuwa thelathini na nane. Tulisimama tukiangalia namba. Deki ilikuwa imezimwa. Kanda ilikuwa kwenye kopo. Namba zikawa thelathini na tisa.

Jioni hiyo nilimpelekea mama mkubwa samaki, kule Viwanja Sitini. Nilimkuta amesimama mlangoni. Amejifunga kanga mbili, na nguo zake ziko kwenye kiroba.

"Shikamoo mama mkubwa. Safari ya wapi?"

"Marahaba. Naitwa nyumbani."

"Nyumbani si hapa?"

"Ni hapa," akasema, na macho yake yalikuwa mbali. "Lakini naitwa nikiwa shambani. Kuna mtoto anaumwa, Agnella. Nani anaumwa?"

Nilimwingiza ndani. Miguu yake ilikuwa na matope mabichi mpaka magotini. Matope meusi ya shambani. Na jirani aliapa kwamba mama hakutoka siku nzima.

Jumatano matope yalifika mapajani. Hakula. Alikuwa anapumua kama mtu anayetembea kwenye maji. Melkiori alipoyaona alikaa chini sakafuni. Alielewa, na mimi nilielewa. Mtoto ameambiwa ujumbe umefika. Kwa hiyo mama lazima awe njiani. Na angekuwa njiani mpaka mto umchukue.

Alhamisi saa sita mchana Melkiori alifunga dirisha, akaweka kanda. Mimi nilishika mlango. Jua lilikuwa linawaka nje, watu wanapita na baiskeli, mwanamke mmoja anauza maandazi. Ndani palinuka uji ulioungua.

"Melki. Mama amefika wapi?"

Nafasi.

"Luciana," akasema. "Sikumpa."

Mkwaruzo.

"Kanda sikumpa mtu. Niliificha. Mama hajui. Hajawahi kujua."

Tulisubiri. Nilihesabu pumzi zangu. Nilidhani kanda imekatika.

"Nilikupikia mimi siku zote," Luciana akasema, taratibu. "Ulipoumwa surua nilikubeba mpaka zahanati."

Melkiori alilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mwanamume. Mtoto alimwacha alie. Kisha akasema maneno matatu.

"Basi mpe sasa."

Tulikwenda na bodaboda, deki nimeipakata. Mama mkubwa alikuwa ameketi kitandani, shuka lote ni matope. Melkiori alipiga magoti, akamweleza. Hakujitetea. Alisema nyimbo, akasema gunia, akasema siku tatu. Alipomaliza, mama mkubwa akauliza swali moja tu.

"Aliniita mara ngapi?"

"Sijui, mama."

"Weka."

Aliisikiliza yote. Salamu, kikohozi, uji unaoungua. Shingo isiyogeuka. Alikuwa ameshika ncha ya kanga yake kwa meno. Kanda ilipofika mwisho wa maneno yale ya mwaka tisini na nane, haikunyamaza.

"Shikamoo mama," Luciana akasema.

Nafasi.

"Mama, usiitike!" Melkiori akanong'ona. "Nakuomba. Mama, usiitike."

Lakini mwambie mama gani hilo? Mtoto akikusalimu, unaitikia. Hata ukiwa umekasirika unaitikia. Mama mkubwa aliinamia ile deki, uso wake ukawa laini, ukawa uso nilioujua kule dunguni.

"Marahaba, mwanangu. Nimechelewa. Nimefika."

Deki ikajizima.

Matope yalikauka pale pale, yakapukutika sakafuni. Nilishukuru Mungu kwa sauti. Nilidhani tumepona.

Hakufa. Wengi wakisimuliwa wanadhani nitasema alikufa. Yuko hai, ukipita Viwanja Sitini utamwona barazani. Anakula akilishwa, ananawa, presha yake ni nzuri kuliko yangu. Ila tangu alipoitikia salamu ile, hajasema neno lingine. Hospitali wamempima, hawakuona kitu. Kila asubuhi Melkiori anakwenda kabla ya kufungua chumba chake. Anachuchumaa mbele yake. "Shikamoo mama." Mama mkubwa anamtazama kwa upole, kama unavyomtazama mtoto wa jirani ambaye jina lake umelisahau. Haitikii. Melkiori anasubiri, kisha anaondoka kwenda kazini. Imekuwa miezi mitano.

Upande ule wa kanda, kwenye kompyuta, sasa una urefu wa saa tatu na zaidi. Melkiori hawezi kuufuta, na ukweli ni kwamba hataki. Juzi mchana alitoka kununua chai, nikaingia, nikausikiliza mwisho wake. Nilitaka kujua.

Nilisikia mwiko unakwangua sufuria. Nilisikia mvua juu ya bati. Halafu nikamsikia mama mkubwa, kwa ile sauti yake ya zamani, akicheka.

"Kula, mwanangu. Kula umalize."

"Na Melki tumwekee?"

Mwiko ukasimama.

"Melki ana nyimbo zake," mama mkubwa akasema.

Nilipogeuka, Melkiori alikuwa mlangoni na chai mikononi. Alikuwa amesikia. Akaweka vikombe mezani, akasogeza kiti, akaweka midomo karibu kabisa na spika, mtu mzima mwenye ndevu.

"Shikamoo mama," akasema.

Tulisubiri. Huko ndani ya kanda mwiko uliendelea kukwangua sufuria, na wao wawili waliendelea kula.