Busu la Jumamosi

Jumamosi ya mechi, nje ya kiwanja cha Chuo cha Dunmore, moshi wa nyama unakuliza machozi bila kufiwa. Magari yameegeshwa ubavu kwa ubavu, kila gari limefunguliwa nyuma, kila nyuma ina jiko, na kila jiko lina mzee anayeamini kwamba wengine wote hawajui kuchoma.

Katikati ya fujo hiyo Odessa Crenshaw alikuwa anatembea kinyumenyume, sahani ya mbavu za nguruwe mkono huu, sahani mkono ule, akiwaita wanafunzi waliopita mbali na hema lake kana kwamba pana mbwa mkali.

"Jamani, njooni! Ni bure! Wazee hawang'ati!"

Alivaa gauni la zambarau, buti nyeupe, na kofia yenye sharubu mbili ndefu, maana timu yetu ni Makambare na sisi hatuoni haya. Hakuona nyuma. Nyuma kulikuwa na kijana mrefu mwenye suruali ya matope magotini, amebeba ndoo.

Puu! Mbavu zikaruka, ndoo ikapinduka, na udongo mwekundu ukamwagika wote ndani ya sufuria ya maharage ya Mzee Virgil Stamper, mwenyekiti wa Chama cha Wapenzi wa Timu.

"Udongo wangu!" kijana akapiga kelele.

"Maharage yangu!" Mzee Virgil akapiga kelele zaidi.

"We kaka, huna macho?" Odessa akamgeukia.

"Ninayo mawili, dada. Wewe ndiye unayetembea kama kaa."

Odessa alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. Kijana akajitambulisha: Tolliver Banks, mwanafunzi wa mambo ya udongo, alikuwa anakatiza tu kwenda maabara. Mpira wa Kimarekani haujui, hajawahi kuutazama. Lakini macho yake yalikuwa yameganda kwenye mbavu.

"Una njaa?"

"Mimi ni mwanafunzi," akajibu. "Hilo si swali."

Odessa akamshika mkono upesi, asije akaponyoka. Yule alikuwa mwanafunzi wake wa kwanza kuingia hemani tangu msimu uanze, na shida ya Odessa ilikuwa hiyo hiyo. Chama kilimwajiri awavute hemani vijana na watu wa kupitapita. Chuo kilikuwa kimesema wazi: ikifika mechi ya kurudi nyumbani, ile wanayorejea waliosoma zamani, na hema bado lina wazee peke yao, nafasi ile pale langoni mwa kiwanja watapewa matajiri wajenge kibanda chao cha vioo. Marehemu mama yake Odessa alipikia pale miaka yote. Odessa alijifunza kutembea akishikilia kamba za hema lile. Likiondoka, na yeye hana tena cha kumweka Dunmore.

Basi Tolliver akala. Akala tena. Bendi ilipoanza kupita na watu wote wakasimama, akamnong'oneza Odessa, "Hapa desturi ni nini? Mpira ukianza watu wanafanya nini?"

Odessa, kwa ule utani wake usiojua pa kusimama, akasema, "Wanabusiana."

Tolliver ni mtu wa kutii desturi za watu. Akafuta mchuzi mdomoni, akainama, akambusu. Sharubu za kofia zikamchoma jichoni.

"Ala!" Odessa akashika shavu. "Wewe nawe! Nilikuwa natania!"

"Oh. Samahani sana." Masikio yamemwiva. "Basi nikuombe radhi au nirudie vizuri?"

Siku hiyo Makambare, waliokuwa wamefungwa na kila mwenye miguu, walishinda.

Sasa ninyi hamuwajui wazee wetu. Timu ikishinda mtu amevaa soksi iliyotoboka, soksi hiyo haifuliwi mpaka msimu uishe. Mzee Virgil, ambaye ni kinyozi na amezika wake wawili bila kukosa mechi, aliketi akapiga hesabu: nyama ni ile ile, viti ni vile vile, kilichobadilika ni busu. Jumamosi iliyofuata akampigia Odessa simu kabla ya jogoo.

"Yule mmwaga udongo yuko wapi?"

"Shikamoo, mzee. Sijui, labda amelala."

"Mwamshe! Na aje na ndoo!"

Wakabusiana, timu ikashinda. Wakabusiana tena, ikashinda tena. Habari zikaenea mabwenini kama moto wa nyasi kavu, na wanafunzi ambao hawakujua hata mpira wetu una ncha mbili wakaanza kuja kuona busu. Walihesabu kwa pamoja: tano, nne, tatu, na likishatua wanapiga makofi, halafu wanasikia harufu ya nyama, halafu hao wameketi karibu na wazee wanafundishwa sheria za mchezo. Hema likajaa. Odessa akanenepa kwa furaha.

Na jamani, hawa wawili walikuwa wamependana kweli. Usiku kucha simu.

"Umelala, mrembo?"

"Nimelala. Hii ni roho yangu inapokea."

"Iambie roho nimepata udongo mzuri sana leo."

"Tolly, wanawake wengine wanaambiwa habari za nyota."

"Nyota siwezi kuzishika. Wewe na udongo naweza."

Wiki ya mechi ya kurudi nyumbani, siku ya Jumatano, Tolliver akampeleka kula samaki. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi upande wa mbele tu. Walicheka hadi mhudumu akawa anacheka asichokijua. Wakati wa kumsindikiza, mlangoni kwake, chini ya taa, Tolliver akainama taratibu. Odessa akaweka kiganja kifuani pake akamsukuma.

"Sio leo, mpenzi."

"Nanuka vitunguu?"

"Sio hivyo. Leo Jumatano. Mzee Virgil ameniomba... tusiichezee bahati. Ngoja Jumamosi."

Tolliver akadhani ni utani. Akamtazama, akaona si utani. Damu ya Odessa ni damu ya Dunmore. Nusu yake ilikuwa inaamini kabisa.

"Kwa hiyo mimi ni hirizi," akasema polepole.

"Tolly, ni siku chache tu."

"Hirizi yenyewe inavaliwa kila siku. Mimi natolewa Jumamosi, watu wanahesabu, narudishwa kabatini. Hivi timu ikifungwa, Odessa, utanijua?"

Alipaswa kusema ndiyo. Akachelewa kidogo tu, akimfikiria mama yake na lile hema, na huko kuchelewa ndiko kulikomponza. Tolliver akageuka akaenda. Simu zote za Odessa baada ya hapo ziliita zikakatika.

Jumamosi ikafika. Hema halikuwahi kujaa vile: wanafunzi mpaka juu ya magari, watu wa kupitapita, waliokuja na watoto, waliokuja na mbwa. Odessa katikati, gauni la zambarau, macho mekundu. Wakahesabu, tano, nne, tatu, mbili, moja. Hakuna Tolliver.

"Nibusu mimi!" likajitolea jitu moja la mabweni ya magharibi.

"Kaa chini!" Mzee Virgil akanguruma. Kwa kukosa la kufanya, mwenyewe akachukua kambare mbichi kwenye barafu, akambusu mdomoni mbele ya umati. Haikusaidia. Kufika mapumziko tulikuwa tunapigwa hadi aibu.

"Kamlete, mwanangu," mzee akamwambia Odessa. "Nakuomba."

Odessa akaendesha gari hadi shamba la majaribio la wanafunzi wa udongo, ng'ambo ya mto. Akamkuta Tolliver ndani ya shimo, koleo mkononi, na pembeni ya ndoo, redio ndogo inatangaza mechi.

"Wewe si hupendi mpira?"

"Siupendi," Tolliver akasema, akipunguza sauti kwa aibu. "Umekuja kunichukua?"

"Wamenituma nikubusu."

"Haya. Fanya kazi yako." Akatoa shavu, amefumba macho kwa uchungu.

Odessa akavua kofia yenye sharubu akaitupa kwenye nyasi. Akashuka shimoni na buti zake nyeupe, akapindua ndoo, akaikalia.

"Sikubusu."

"Nini?"

"Nikikubusu sasa, tukishinda, utakufa ukijua nilifuata ushindi. Tutasubiri mpira uishe. Tushinde, tushindwe, nitakubusu ukiwa hunifai kwa lolote."

Wakakaa, hawagusani. Na timu, kwa ukaidi wake, ikaanza kufufuka. Pointi zikapanda. Simu ya Odessa ikalia, akaipokea kwa spika, na kelele za hema zima zikajaa shimoni: "Mbusu! Mbusu! Mbusu!"

"Mwanangu!" Mzee Virgil alikuwa karibu kulia. "Wanatuzidi pointi moja tu! Mpigaji wetu anauweka mpira aupige kati ya milingoti, ukipita tumeshinda! Mbusu upesi, nakupa saluni yangu yote!"

"Mzee, nakupenda. Hapana." Akakata.

Tolliver alikuwa amesimama, koleo amelikumbatia, jasho linamtoka. "Odessa... mimi nimeshakusamehe. Kweli. Nibusu tu haraka."

"Nyamaza!"

"Kidogo! Hata shavuni!"

"Tolliver Banks, keti!"

Akaketi. Redio ikanyamaza, kama inavuta pumzi. Kisha mtangazaji akasema mpira umepita pembeni ya mlingoti. Tumefungwa, kwa pointi moja, siku ya kurudi nyumbani.

Odessa alilia. Alilia kwa hema, kwa mama yake, kwa ile pointi. Kisha akamshika Tolliver uso kwa mikono miwili iliyojaa udongo akambusu, bila kuhesabiwa na mtu, muda mrefu kuliko Jumamosi zote kwa pamoja.

Simu ikalia.

"Tumefungwa," akasema Mzee Virgil.

"Najua, mzee. Hema limebaki tupu?"

"Tupu? Watoto hawa wamekataa kuondoka! Wanalia na kula. Mmoja kanilalia begani hapa, ananiuliza mechi ijayo lini. Mkuu wa chuo kapita kaona, kasema kibanda cha vioo wakajenge kwingine." Akapenga kamasi. "Niambie ukweli. Mmebusiana?"

"Sasa hivi."

"Baada ya mpira kuisha?"

"Baada."

Mzee akafikiri. "Basi hilo tunalihesabu la Jumamosi ijayo."

"Hapana, mzee," Odessa akasema, kichwa chake kwenye shati lenye matope. "Hili si la timu. Hili ni langu."

Na Jumatano, mchana kweupe, wakaenda wakabusiana mbele ya dirisha la kinyozi, makusudi. Mzee Virgil aliangusha mkasi, akashusha pazia, akamwambia mteja wake kwamba msimu umekwisha haribika. Halafu akafunua pazia kidogo pembeni kuona kama wanaendelea.