Nilikwangua Rangi ya Msondo wa Mjomba

Nina miaka thelathini na nne. Shule niliiacha darasa la tano, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kuhamahama. Nimepaka rangi mashua Kilindoni, nimebeba mizigo, nimelima mwani... Mikono yangu haijui kutulia, wasomaji wenzangu, na ndiyo iliyoniponza.

Nilipokosa pa kulala, mjomba wangu Athumani wa Miburani alinipokea. Yeye na mkewe, Bi Somoe, hawakujaliwa mtoto. Walinilisha miaka miwili bila kuninung'unikia. Nani mwingine angenifanyia hivyo?

Sebuleni palikuwa na msondo, ngoma ndefu ya zamani, umepakwa rangi nzito ya kijani, ile ya mashua. Ngozi ilikuwa imepasuka. Mjomba aliniruhusu kuwamba nyingine. "Ngozi tu, we mtukutu. Rangi usiiguse."

Laiti ningesikia... Siku alipokwenda Kilindoni, nilikwangua kidogo kwa kipande cha chupa. Chini ya ile kijani nikaona mti mwekundu, mzuri ajabu. Nikaendelea. Bi Somoe alipita na ndoo, akanicheka: "Wewe hata pweza ungemchuna uone ndani kuna nini."

Kisha nikafikia puti, ule udongo mgumu wa kuzibia mashimo. Mtu alikuwa ameziba safu nzima ya misumari midogo ya shaba. Nilijua kabisa imefichwa kusudi. Hapo ndipo nilipopaswa kuacha! Lakini nilitaka kuona... Nikabandua yote, nikapiga msasa, nikapaka mafuta ya nazi. Msondo ukang'aa kama umechongwa jana. Nikamwita Bi Somoe aje atazame.

Alipitisha kidole juu ya misumari. Kwenye mmoja uliopinda, kidole kikasimama.

"Huu nilijigonga nikiupigilia," akasema. "Msondo wa Hamadi huu."

Hamadi alikuwa mumewe wa kwanza, rafiki wa mjomba. Hifadhi ya bahari ilipoanza na uvuvi wake wa juya, wavu wa kukokota, ukakatazwa, alikwenda bara kutafuta kazi. Mjomba ndiye aliyemletea Bi Somoe habari: Hamadi ameuza msondo apate nauli, wala harudi tena. Bi Somoe akaomba ndoa ivunjwe. Baadaye akaolewa na mjomba.

Mjomba aliporudi, aliuona msondo, akasimama mlangoni. Bi Somoe hakupaza sauti.

"Alikuachia wewe?"

"Aliniachia nikupe."

"Akasemaje?"

Mjomba alitazama sakafu. "Akasema... umngoje."

Bi Somoe akakaa chini. "Na alipokufa huko bara, mimi sikumlilia."

Kesho yake alikwenda kwa nduguze Kiegeani, msondo umefungwa nyuma ya pikipiki. Hajarudi.

Mjomba hakunifukuza. Afadhali angenifukuza! Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, naye hakuitikia. Nikahama mwenyewe. Nilipokwenda Kiegeani kuomba radhi, Bi Somoe alinipa chai. "Sina kinyongo nawe, mwanangu," akasema. "Ila usije tena. Nikiiona mikono yako, namkumbuka Hamadi."

Ndugu msomaji, kama unashikilia amana ya mtu, mpelekee leo, usiipake rangi. Nawe mwenye mikono kama yangu, ukiambiwa usiguse, nakuomba, usiguse. Mimi niliurudishia msondo uso wake wa kwanza... nikavunja nyumba pekee iliyowahi kunifungulia mlango.